Mzani Umepita, Kamba Je? Mpunga wa Ubaruku na Sheria ya Mzigo Barabarani

Kila mwaka mavuno yanapoanza Ubaruku, kuanzia Mei na kuendelea, mabishano yaleyale huibuka kwenye mashine za kukoboa mpunga na kwenye vijiwe vya madereva. Gari limepakia magunia, limepita mzani salama, kisha kilomita chache mbele trafiki amelisimamisha na kuliandikia kosa la mzigo. Dereva anauliza amekosa nini, kama uzito uko sawa. Mwenye gari anaona kaonewa. Mwenye mpunga anasema alilipia usafiri, mambo ya faini hayamhusu. Na wanawake watatu waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakirudi kutoka shambani wameshushwa pembeni mwa barabara jua linazama, hawajui wamekosea sheria ipi wala nani atawafikisha nyumbani.

Mkanganyiko huu unatokana na kuweka kapu moja mambo matatu yaliyo tofauti: uzito wa mzigo, ufungaji wa mzigo, na watu waliopanda juu ya mzigo. Kila jambo lina sheria yake, lina hatari yake na lina mhusika wake. Mwenye kuyachanganya hataelewa kwa nini gari lililokubaliwa Makambako linaweza kuua kabla halijafika Mafinga.

Mpunga unavyoondoka Ubaruku

Ubaruku ipo Mbarali, katika bonde la Usangu, na maisha ya hapo yanaendeshwa na mpunga. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, na baada yake mifereji, skimu za wakulima wadogo na mashine za kukoboa zikaongezeka. Kapunga na Madibira nazo ziko katika bonde hilohilo. Mchele unaoitwa wa Mbeya kwenye masoko ya Dar es Salaam, sehemu yake kubwa huanzia huku.

Safari ya gunia moja ina vipande vitatu, na kila kipande kina chombo chake. Kutoka jarubani hadi kijijini mpunga huja kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa pawatila yenye tela, kwa trekta au kwa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Kutoka kijijini hadi mashineni huja kwa kenta au kwa vyombo hivyohivyo. Ukishakobolewa, au ukinunuliwa bado una maganda, hupanda fuso au semitrela na kupitia Rujewa hadi barabara kuu ya TANZAM, halafu ama kushoto ama kulia: Makambako, Iringa na Dar es Salaam, au Mbeya, Tunduma na ng'ambo ya mpaka.

Kipande cha kwanza hakina mzani wala trafiki. Cha pili kina trafiki wa kubahatisha. Cha tatu ndicho chenye mizani ya TANROADS, Makambako na Wenda kwa anayeelekea Iringa, Mpemba kwa anayeelekea Tunduma. Kwa hiyo jicho la sheria linaangaza mwisho wa safari, ilhali makosa ya upakiaji yamefanyika mwanzoni.

Lipo jambo jingine ambalo madereva wa huku wanalijua kwa uzoefu, lakini halisemwi kwenye mijadala. Mita moja ya ujazo ya mpunga wenye maganda ina uzito wa karibu kilo 580. Mita hiyohiyo ya mchele hukaribia kilo 800. Maana yake gari la mpunga hujaa kwenda juu kabla halijawa zito. Linafika mzanini likiwa na kimo cha kutisha na uzito unaokubalika, na mzani unalipitisha kwa sababu kazi ya mzani ni kupima uzito tu. Gari la shaba kutoka Zambia au Kongo, linalopita barabara hiyohiyo, ni kinyume chake: mzigo mfupi, umelala chini kabisa ya bodi, na uzito wa kutisha. La kwanza hatari yake ni kupinduka na kumwaga. La pili hatari yake ni mzigo kuteleza mbele na kuiponda kabini. Mzani hauwezi kutofautisha hatari hizi mbili.

Sheria zinasema nini

Sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Ndiyo inayotaka chombo kinachotembea barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha wengine, na hali hiyo inahusu pia namna kilivyopakiwa. Makosa mengi chini ya sheria hii humalizwa kwa faini ya papo kwa papo, ambayo kwa magari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 katika mabadiliko ya bajeti ya mwaka 2021/22, kwa hoja kwamba kipato cha vijana wa vyombo hivyo hakilingani na cha wenye magari.

Wengi wanadhani habari ya adhabu inaishia hapo. Faini ya papo kwa papo ni njia ya mkato kwa anayekubali kosa. Anayekataa hupelekwa mahakamani. Mtu akiumia au akifa, shauri huhama kabisa: linakuwa la kusababisha majeraha au kifo kwa uendeshaji wa hatari au wa kizembe, na hapo kuna kifungo na kupoteza leseni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, nayo inamgusa mtu anayeendesha chombo kwenye njia ya umma kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Juu ya hayo kuna madai ya fidia, ambayo familia ya marehemu inaweza kumfungulia dereva pamoja na mwenye gari.

Uzito una sheria yake ya pekee. Ni Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Inaweka ukomo wa tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, tani 18 kwa ekseli mbili zilizopangana, tani 24 kwa ekseli tatu, na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli nyingi kuliko yote. Lengo lake la kwanza ni kulinda lami. Hesabu inayotumika duniani kote ilitokana na majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960: uharibifu wa barabara hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 inaonekana imezidi kidogo tu, lakini inaichakaza lami mara mbili. Ndiyo maana faini ya mzani ni kubwa na gari haliondoki mpaka mzigo uliozidi ushushwe au upangwe upya. Faini ya mzigo uliofungwa vibaya haifiki huko hata kidogo.

Sheria ya tatu hakuna anayeiita ya barabarani, nayo ni Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Chini yake gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ili liingize madebe ya ziada, limepigwa vita kwa sababu linamwibia mkulima. Ni kweli linamwibia. Lakini lumbesa ni kosa la barabarani pia, kwa jinsi umbo lake lilivyo. Gunia la kawaida limelala bapa na linabana na mwenzake. Lumbesa lina mgongo wa mviringo. Linaviringika juu ya jingine, na kamba inayopita juu yake inakaa kwenye nundu badala ya kukaa kwenye ubapa. Anayeruhusu lumbesa mashineni anapakia gari ambalo halifungiki.

Mwisho kuna bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo awe na bima ya kuwakinga watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Bima hiyo hailipi gari lenyewe wala mpunga uliomwagika. Na mtu aliyepanda juu ya magunia kwenye gari lenye leseni ya mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, yumo mahali pabaya kisheria: gari hilo halikupewa ruhusa ya kubeba abiria kwa nauli, na kampuni ya bima ina sababu ya kubishana kila shilingi atakayodai.

Hatari yenyewe

Tarehe 11 Machi 2015, basi la Majinja lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori eneo la Changarawe, Mafinga, wilayani Mufindi. Kontena lililokuwa kwenye lori liliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Taarifa za siku zile zilitaja mashimo barabarani, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mgongano ni jambo moja na kontena kuondoka kwenye tela ni jambo jingine. Magari mawili yakigongana, wanaokaa mbele ndio huwa hatarini zaidi. Sanduku la chuma la tani kadhaa likidondoka juu ya paa, hakuna kiti kilicho salama. Mzigo ndio uligeuza ajali kuwa msiba wa nchi nzima.

Mtu anaweza kusema kontena si gunia. Nguvu ni zilezile. Kiwango cha Ulaya cha ufungaji wa mizigo kinataka mzigo ushikwe kiasi cha kuhimili asilimia 80 ya uzito wake ukisukumwa mbele, kama dereva akipiga breki ya ghafla, na asilimia 50 ukisukumwa pembeni au nyuma. Tuweke hesabu hiyo kwenye fuso ya Ubaruku. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10. Breki ikipigwa kwa nguvu, tani 8 zinataka kwenda mbele. Kona ikichukuliwa kwa kasi au gurudumu likikwepa shimo, tani 5 zinataka kwenda pembeni. Kinachozizuia ni ubavu wa bodi kwa magunia ya chini na kamba ya manila kwa yale ya juu.

Tuitazame kamba hiyo kwa karibu. Wabeba mizigo hupanga magunia kama matofali, la juu likikalia maungio ya mawili ya chini, na mpangaji mzuri huinamisha yale ya pembeni kidogo kwa ndani. Utingo hurusha kamba upande wa pili, mwenzake anaipitisha kwenye ndoano ya bodi, anaegemea kwa uzito wake wote na kuikaza, kisha anapiga fundo. Kwa macho imekaza. Gari likishakwenda nusu saa kwenye njia ya vumbi yenye matuta, mpunga ndani ya magunia unashuka na kushikamana, mzigo unapungua kimo kwa vidole vichache, na kamba ile iliyokuwa imekaza inalegea bila mtu kuigusa. Ikiwa ukingo wa bodi una kutu, kamba inasagika papo hapo kila gari linapotikisika. Na magunia ya salfeti yanateleza kuliko ya katani, hasa umande ukiyapata alfajiri. Dereva makini husimama kabla ya kuingia lami na kukaza upya. Aliyeahidiwa pesa zaidi akiwahi soko hasimami.

Gari lenye kimo kirefu lina tatizo jingine. Kadiri uzito unavyopanda juu, ndivyo kona ndogo inavyotosha kulilaza gari. Kutoka Usangu kwenda Mbeya mjini na Mbalizi kuna miteremko ya Inyala na Iwambi. Kwenda Iringa na kuendelea kuna Kitonga. Julai 2018, pale Iwambi, lori lililokatika breki lilizoa magari mengine na watu 20 wakapoteza maisha. Breki na mzigo ni ndugu: lori lililozidishwa huchemsha breki zake mteremkoni, na breki zikishachemka hata ufungaji bora hausaidii. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo ukomo wa malori, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Gunia likidondoka mbele ya bodaboda inayofuata mita 20 nyuma, kijana huyo hana hata sekunde moja.

Mzigo uliomwagika unaua hata gari lililoumwaga likiwa limeshakwenda zake. Huko Marekani, utafiti wa taasisi ya AAA uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu ajali zaidi ya 200,000 zilizosababishwa na vitu vilivyoanguka barabarani katika miaka minne, vifo zaidi ya 500, na ukaona karibu theluthi mbili zilitokana na vitu vilivyodondoka kwenye magari ambayo mizigo yake haikufungwa sawasawa au yenyewe hayakutunzwa. Hiyo ni nchi ya barabara pana na taa za kutosha. Kwenye njia mbili nyembamba kati ya Igawa na Chimala usiku, gunia moja au gogo moja katikati ya lami ni mtego.

Wanaotaka adhabu iongezwe

Upande wa kwanza katika mjadala huu unasema adhabu ni nyepesi. Hoja yao ni ya hesabu na ni ngumu kuipinga. Tuchukue mfano wa kubuni: gunia moja linalipiwa shilingi 3,000 ya usafiri. Magunia kumi yaliyozidi kimo yanaleta 30,000, yaani faini nzima ya kosa. La kumi na moja ni faida. Tena faini hailipwi kila safari, inalipwa siku ile tu ya kukamatwa. Kwa hesabu hiyo, mfanyabiashara mwenye akili timamu atazidisha. Faini imekuwa sehemu ya gharama za safari, sawa na mafuta.

Udhaifu wa kwanza wa sheria wanaouonyesha ni kwamba faini ni ileile kwa turubai lililofunguka upande mmoja na kwa magunia yaliyopangwa hatua mbili juu ya kabini. Udhaifu wa pili ni kwamba inamfuata dereva. Dereva wa fuso Ubaruku mara nyingi ameajiriwa; hakuamua idadi ya magunia na hakununua kamba. Ameambiwa apakie aende, akikataa yupo mwingine kijiweni anayesubiri.

Lakini upande huu hauko sawa moja kwa moja. Faini ikipandishwa sana bila kubadilisha mahali inapotozwa, kinachopanda ni thamani ya makubaliano ya pembeni ya barabara. Dereva anayetakiwa kulipa laki tatu ana sababu kubwa zaidi ya kutoa elfu ishirini mkononi kuliko anayetakiwa kulipa elfu thelathini. Pia trafiki hana kipimo. Uzito una mzani na namba inayochapishwa kwenye karatasi; kulegea kwa kamba kunategemea jicho la askari. Adhabu kubwa inayotegemea jicho la mtu mmoja, saa tano usiku, haiwezi kuwa ya haki kwa muda mrefu.

Wanaosema msimu hausubiri

Upande wa pili ni wa wakulima, madalali na wenye magari. Wanasema mpunga ukishavunwa ni pesa iliyolala nje. Mvua ya kuchelewa ikiukuta, unaota au unabadilika rangi, na bei inaanguka. Magari ni machache msimu ukifika, njia za mashambani zilizo chini ya TARURA hazipitiki na fuso, na mkulima mwenye magunia kumi na tano hawezi kukodi gari peke yake. Ukilazimisha kila gari lishushe robo ya mzigo, umepandisha gharama ya kila gunia, na anayebeba gharama hiyo ni mkulima, kwa sababu mnunuzi anapanga bei kwa kuangalia soko la Dar es Salaam, haangalii tela la mtu.

Hoja hii inastahili heshima kuliko inayopewa na wanaokaa mbali na jaruba. Mkulima mdogo kweli ndiye wa mwisho kupanga bei na wa kwanza kukatwa. Hata hivyo inachanganya vitu viwili. Kubeba kidogo kunapunguza mapato. Kufunga vizuri hakupunguzi hata gunia moja. Mikanda mipana ya kukazia, wavu juu ya mzigo, mbao za kuinua ubavu na kituo kimoja cha kukaza upya kabla ya lami ni gharama inayogawanyika katika misimu mingi. Hapa utetezi wa umaskini haufanyi kazi, maana wanaonunua kamba ni wenye magari na wafanyabiashara wa mchele, ambao si maskini wa Ubaruku.

Kuhusu watu juu ya mzigo, hoja ya msimu inaanguka kabisa. Vibarua wanaorudi kutoka kupandikiza au kuvuna hawapandi juu ya magunia kwa kupenda. Hawana usafiri mwingine jioni. Lakini mtu aliyekaa kimo cha mita tatu, mkono umeshika kamba ileile inayolegea, hana cha kumkinga. Gari likiyumba, anatangulia kudondoka na mzigo unamfuata. Hakuna faida ya kiuchumi inayoweza kuwekwa upande wa pili wa mzani huo, na mtu asijaribu kuiweka.

Barabara ipanuliwe?

Wapo wanaoelekeza kidole kwenye barabara. TANZAM ilijengwa kwa haraka ili kuiokoa Zambia baada ya uasi wa walowezi wa Rhodesia mwaka 1965; haikufikiriwa kubeba malori ya leo ya shaba, makontena, nguzo na magogo ya Sao Hill pamoja na mpunga wetu. Upanuzi wa njia nne jijini Mbeya, kutoka upande wa Uyole kwenda Ifisi, ni jibu la sehemu ya tatizo hilo. Ni kweli mashimo yanaua na wembamba unaua. Ila lami nzuri huongeza spidi, na mzigo uliolegea kwa spidi kubwa ni hatari zaidi. Barabara bora inahitaji ufungaji bora. Haiwezi kuchukua nafasi yake.

Pa kuanzia ni mashineni

Ukiziweka hoja hizi pamoja, inaonekana kila upande unapigania mahali pasipo sahihi. Wa adhabu wanataka askari wengi barabarani. Wa msimu wanataka askari wapungue. Wote wanazungumzia lami, wakati hatari inatengenezwa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa na kwenye stoo ya kijiji, mahali ambapo gari limesimama, kuna mwanga, kuna watu wa kusaidia, na kurekebisha kosa kunachukua dakika ishirini.

Na pale mashineni serikali ipo tayari. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, na ili itoze lazima ihesabu magunia. Kila gari kubwa linaloondoka na mpunga wa biashara lina karatasi inayosema limebeba magunia mangapi, ya nani, na yanakwenda wapi. Taarifa ambayo trafiki anaikisia usiku kwa tochi imeshaandikwa mchana na mtu wa ushuru. Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 287. Inaweza kutamka kwamba gari halipewi karatasi ya ushuru kama lina lumbesa, kama magunia yamezidi kimo kilichowekwa kwa aina hiyo ya bodi, au kama halina wavu au mikanda. Kimo kinaweza kupimwa kwa ufito uliochorwa alama, usiohitaji umeme wala mtaalamu, na askari wa usiku hahitaji tena kutegemea jicho lake peke yake.

Lipo tundu. Tangu 2017, mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Ilikuwa nafuu ya haki kwa mkulima mdogo na isiguswe. Lakini ina maana kwamba pikapu na toyo zinapita bila kuhesabiwa na yeyote, na pawatila za mashambani nazo hazifiki kwenye geti lolote. Kwa vyombo hivi karatasi ya ushuru haitasaidia. Vinahitaji kitu rahisi zaidi: viakisi mwanga nyuma ya tela, mnyororo wa pili unaoshika tela endapo pini itachomoka, na marufuku ya kuingia barabara kuu baada ya jua kuzama. Bajaji na pikipiki za magurudumu matatu nazo zinatakiwa kuwa na leseni, kwa hiyo mlango wa kuyasimamia haya upo.

Mzigo wa adhabu nao uhamishwe. Wanaofaidika na gunia la ziada ni mwenye mzigo na mwenye gari, na wao ndio waguswe kwanza. Dereva aguswe kwa yale aliyo na uwezo nayo, yaani spidi, kusimama kukaza, na kukataa abiria wa juu. Faini ya kufunga vibaya ingepanda kwa ngazi: ya kwanza ibaki ilivyo, ya pili ndani ya msimu uleule iwe kubwa na iende kwa mwenye gari, ya tatu isimamishe leseni ya kubeba mizigo. Kwa watu juu ya mzigo kusiwe na ngazi. Kosa la kwanza liende mahakamani.

Kuna gharama, nazo ziwekwe wazi. Foleni za kupakia zitakuwa ndefu zaidi Juni na Julai. Wenye mashine watalalamika kwamba wamegeuzwa kuwa polisi. Baadhi ya madalali watahamia kununua shambani moja kwa moja ili wakwepe uwanja unaosimamiwa, na hapo halmashauri italazimika kuweka geti njia ya kutokea Madibira na njia ya kutokea Rujewa. Vibarua watahitaji gari la jioni, na wenye mashamba makubwa ndio wenye uwezo wa kulitoa. Hayo yote ni ya kujadiliwa kwenye baraza la madiwani kabla mavuno hayajaanza, yaani Februari au Machi, wakati mpunga bado uko majini na hakuna anayekimbizana na gari.

Jambo dogo linaloweza kufanyika hata bila kikao ni kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya ushuru: jina na simu ya aliyesimamia upakiaji. Siku hizi gunia likidondoka Kitonga, anayeulizwa ni dereva, kama yu hai. Mstari huo ukiwepo, atapigiwa simu pia mtu aliyelipanga Ubaruku.